Mama Amejipa Alama Tisini na Tano

Jumanne, 3 Oktoba
Nimeisoma nakala ya fomu aliyojaza binti wa kliniki. "Ubora wa maisha ya wazee." Kichefuchefu! Unatembea? Vizuri. Unaoga mwenyewe? Ndiyo. Maumivu? Hakuna, namshukuru Mungu. Afya yako kwa mia? Tisini na tano! Mama huyu wa miaka sabini na minane, magoti yamevimba kama matikiti. Mimi mwenyewe ningejipa hamsini.

Na fomu hiyo ndiyo inayochagua wa kupasuliwa goti. Jina la Mama limekatwa.

Jumatano, 4 Oktoba
Nimekwenda kwao kuuliza. Kumbe fomu ikijazwa, mdogo wangu Ergash alikaa pale pale, akimkatia mgeni mkate! Yeye ndiye kitinda mimba, na hapa Marg'ilon kitinda mimba ndiye anayebaki na wazazi. Mama akilalamika, mtaa utasema Ergash hamtunzi.

"Nimvue nguo mwanangu mbele ya mgeni?" Mama ananiuliza.

Ergash anacheka. "Dada, kaandike gazetini basi."

Nitaandika! Adabu gani hii, inayolipwa kwa magoti ya mtu?

Ijumaa, 6 Oktoba
Jambo hili linatapisha. Mama hanywi chai. Asubuhi mpaka jioni, hata funda moja. Choo kiko mwisho wa ua, cha kuchuchumaa. Hawezi, na anaona haya kushikwa na mkwewe, mke wa Ergash. Basi anakaa na kiu! Midomo imepasuka. Fomu ina maswali ishirini — la kiu halimo. Wataalamu!

Na mimi? Kila Ijumaa naja hapa kuhutubia kuhusu haki, nanywa vikombe vitatu. Chake sikukitazama hata siku moja. Najitia kichefuchefu mwenyewe.

Jumatatu, 9 Oktoba
Nimemburuta binti wa kliniki arudi, Ergash akiwa kazini. Mama akanigeukia: "Wewe nawe toka. Mgeni ni wangu." Nimefukuzwa! Naandika jikoni, dirisha wazi kuelekea uani walikokaa.

Binti anamuuliza Mama kama anaweza kutembea. Mama anainuka.

"Tazama mwenyewe, mwanangu. Nakukatia zabibu."

Fimbo ameiacha. Hatua moja. Tatu. Tano — ameikumbatia nguzo ya mzabibu. Jasho. Mikono haijafika hata kwenye kichala cha chini.

"Bibi, nikushike?"

"Kaa! Andika kwanza."

Aandike nini, hajasema. Binti kainua kalamu, kaiweka kwenye swali la kutembea. Mama ananitazama mimi, dirishani, bado kaikumbatia nguzo.