Taulo Likianguka Limekufa

Jumatatu, 3 Machi

Mwalimu kaja asubuhi. Si kuosha gari — kulalamika. Na Mwalimu si mtu wa kulalamika ovyo, miaka yote hii hajawahi hata kuuliza kwa nini tumechelewa. Kaliegesha lile gari lake jeusi juani, mbele ya banda letu la kuoshea magari, akaniita kwa kidole. Tazama boneti.

Nikatazama. Lo! Michirizi. Myembamba, mingi, ya kuzunguka, utadhani sufuria iliyosuguliwa kwa mchanga. Kivulini huioni. Juani inakutolea macho.

Gari lenyewe ni la marehemu mume wake. Jumapili ya wiki ijayo binti yao anaolewa, na atapanda hilo hilo. Ndiyo namna ya baba yake kumsindikiza, kasema Mwalimu. Basi atalileta tena Jumamosi, siku moja kabla, tuiondoe michirizi. Halafu akaniambia, na Baba akiwa pale pale: "Lakini namtaka baba yako. Mkono wake, si wa mtu mwingine."

Baba aliinama juu ya boneti muda mrefu. Kisha kasema, bila kunitazama, kwamba ni yale mataulo mapya. Yale niliyochagua mimi! Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Jumanne, 4 Machi

Neno la Baba nimelala nalo, nimeamka nalo.

Mimi ndiye ninayechagua mataulo tangu mwaka jana, aliponiachia. Si kazi ya kuchukulia mzaha. La kukaushia liwe nene, manyoya marefu, linywe maji bila kusugua — unalilaza tu juu ya bodi, unalivuta. La kufutia nta liwe jepesi, manyoya mafupi. Pindo liwe laini au lisiwepo kabisa. Lebo unaikata kabla ya jambo lolote, maana lebo ni kisu. Kisha unaliweka shavuni. Vidole vyetu vimekomaa kwa sabuni, Baba husema, vidole vinadanganya. Shavu halidanganyi. Yote hayo kanifundisha yeye.

Na sheria yake kuu: taulo likianguka limekufa. Hata likigusa sakafu kwa ncha tu. Aliyeliangusha anatangaza kwa sauti, "Limekufa!", linatupwa kwenye ndoo ya matairi na halirudi tena kwenye rangi. Punje moja ya mchanga inatosha kuharibu mlango mzima. Sukari, mwosha magari wetu, mtu mzima na watoto wake, kashatangaza vifo vingi kuliko redio.

Jumatano, 5 Machi

Nimechukua CD kuukuu. Upande ule unaong'aa, nikausugua kwa kila taulo jipya lililobaki kwenye pakiti, kwa nguvu zangu zote. Taulo linalokwaruza lazima liache alama. Hakuna! Nikajaribu na mapindo. Hakuna. Sukari kaniuliza kama natafuta wimbo. Acha acheke.

Basi mataulo yametoka dukani hayana kosa. Yameharibikia hapa hapa kwetu.

Ijumaa, 7 Machi

Nimempata! Mama!

Maskini, kwa wema wake. Wiki iliyopita aliona rundo la mataulo, akayafua pamoja na fulana za Baba, kwa ile dawa ya kulainishia nguo yenye harufu ya maua. Akayaanika juu ya ua wa michongoma. Michongoma! Nimeyapekua moja moja: vijani vikavu, nyuzi za fulana, na mwiba. Na ile dawa ndiyo kabisa, inayafunga manyoya, hayanywi tena maji.

Nikamweleza taratibu. Kanuna. Kasema kafua nguo zangu tangu nikiwa wa kubebwa mgongoni na sikuwahi kukwaruzika. 

Jumapili, 9 Machi

Furaha yangu haikufika mbali. Leo mezani Mama, bado kanuna, kasema aliyafua Jumamosi, tarehe mosi. Gari la Mwalimu tulilikausha Alhamisi, kabla ya hapo. Mwiba haurudi nyuma kuchoma siku zilizopita. Nimemwomba radhi.

Kanimiminia chai. Ya Baba kaitia kwenye kikombe cha plastiki. Nikauliza vile vikombe vya udongo viko wapi. Vimekwisha, kasema. Vimekwishaje? Kainuka kaenda jikoni. Baba alikuwa anatazama dirishani.

Jumanne, 11 Machi

Nimeona. Heri nisingeona.

Nilikuwa nyuma ya pipa la maji, nakamua vitambaa. Baba anakausha teksi nyeupe. Taulo likamponyoka, likaanguka sakafuni pwaa. Nikasubiri neno. Mdomo wangu wenyewe ulishaanza kulitamka. Baba akatazama kulia. Akatazama kushoto. Akaliokota kwa viganja viwili, akalikung'uta, akaendelea na mlango.

Baba! Aliyetunga sheria!

Alipofika kwenye buti likaanguka tena. Akaliokota tena. Hapo ndipo nilipoviona vidole — vimekaa tu, havifungi. Hajui kama kashika taulo mpaka alione kwa macho. Nikakumbuka vikombe. Nikakumbuka vifungo vya shati, siku hizi anafungwa na Mama, na mimi nikidhani ni mapenzi ya uzeeni. Angekuwa anatangaza kila linapomponyoka, tungesikia "Limekufa" kutwa nzima, na ndoo ya matairi ingefurika. Kwa hiyo kanyamaza. Mchanga ukaenda kwenye rangi ya watu.

Niliendelea kukamua vitambaa ambavyo havikuwa na tone la maji.

Jumatano, 12 Machi

Nina hasira. Niiseme hapa, kwa kuwa hapa hakuna anayesikia. Aliniacha nibebe lawama mbele ya Mwalimu! Alijua. Alitaja mataulo yangu kwa sauti ile ile aliyonifundishia kazi.

Mchana nimempa chakula bila kumtazama usoni. Kaniita "mama", kama anavyoniita siku zote kwa kuwa nina jina la mama yake. Kasema naonekana nimechoka, nipumzike, yeye atamalizia. Nimekwenda kulia bafuni.

Alhamisi, 13 Machi

Nimembana Mama jikoni. Kakubali. Ni ganzi, tangu mwaka jana. Daktari kasema ni mishipa ya fahamu. Dawa anakunywa, lakini vidole vilivyokwisha kulala huenda visiamke. Kumbe ndiyo maana aliniachia kuchagua mataulo, na mimi nilitembea kifua mbele nikidhani nimefuzu!

Nikamwambia Mama, mficha maradhi kifo humuumbua. Kaendelea kukata vitunguu. Kasema ganzi haiui mtu.

"Kinachoua ni kukaa kwenye kiti akisikia nyinyi mnafanya kazi. Usimnyang'anye kazi, mwanangu. Mwache aiweke chini mwenyewe."

Na gari la Mwalimu je, keshokutwa? Linywe mchanga tena, na binti wa watu alipande likiwa na michirizi siku yake ya ndoa? Nikamuuliza hivyo hivyo.  Macho yalikuwa yanamtoka machozi, na mimi nimekubali kwamba ni vitunguu.

Ijumaa, 14 Machi

Nimewaza mchana kutwa. Nikimwambia, namuua. Nisipomwambia, naliua gari la marehemu. Nimenunua mataulo mapya, mazuri kweli, nimeyakata lebo, nimeyaweka shavuni moja moja.

Jumamosi, 15 Machi

Naandika nimekaa juu ya ndoo. Nta inakauka.

Nilifika kabla ya wote. Nikafagia, nikaosha sakafu, ikakauka, kisha nikatandika mashuka yangu meupe pande zote za mahali gari litakaposimama. Likianguka, lianguke pasafi. Sukari kauliza nani analala. Nimemwambia afunge bakuli lake.

Baba kaja na shati safi. Kayaona mashuka, kasimama pale pale mlangoni. Kaniangalia. Mimi macho yangu yakakimbilia kwenye ndoo.  Kavua viatu, kakanyaga shuka kwa soksi.

Mwalimu kaleta gari, kakaa kwenye benchi. Sukari kaosha gari nje, kalisogeza ndani. Baba kachukua taulo nene, kalilaza juu ya boneti kama zamani, kalivuta, maji yote yakaondoka nalo. Nikapumua. Kwenye mlango wa nyuma likamponyoka, likatua juu ya shuka bila sauti.

Shuka safi! Angeliokota, nani angesema neno? Nililitandika kwa ajili hiyo. Yeye alilitazama tu. Kisha kasema, polepole, kila mtu akisikia: "Limekufa." Kalisukuma kando kwa mguu. Nikampa jingine. Nalo likafa, akalitangaza nalo. Sukari alikuwa anatazama juu ya paa. Mwalimu hakuwa anatazama gari tena, alikuwa anatazama mikono ya Baba.

Michirizi nimeiondoa mimi, kwa mashine ya kung'arishia. Nta nimepaka mimi. Limebaki taulo la mwisho, lile la manyoya mafupi, la kufutia nta. Boneti ya marehemu. Hapo ndipo unapotakiwa mkono ambao Mwalimu aliuomba.

Nimegusa kwa kidole, nta imekauka. Ikikaa zaidi itaanza kung'ang'ania. Baba kaliomba taulo, nimempa, kalipokea kwa viganja viwili. Kaliweka shavuni, kafumba macho. Naogopa. Nampenda na naogopa. Kasema, bila kufumbua macho: "Umechagua vizuri, mama."

Mwalimu kasimama. Sukari kazima redio. Taulo bado liko shavuni. Hajanipa nimalizie, wala hajaanza kufuta mwenyewe.