Mara Mbili Msalani

Jumanne, 14 Mei
Nimeshinda. Robo fainali ya baduk, mchezo wetu wa mawe meusi na meupe – nimemtoa Luo Zhenbang wa China, namba mbili wa dunia, kwa nusu pointi. Mimi, niliyeingia kupitia mchujo. Mawe yalipohesabiwa alibaki kuutazama ubao, kama vile umemdanganya. Nilitaka kucheka.

Jumatano, 15 Mei
Kocha Maeng kanigongea kabla sijanywa uji. Timu ya Luo imelalamika: nilikwenda msalani mara mbili, na kila nikirudi nacheza kama mashine. Eti nilificha simu huko, inanionyesha pa kuweka jiwe.

Refa mkuu, mzee mpole, ananiita binti. Eleza tu, binti, kwa nini mara mbili? Hatutaki ugomvi.

Mchezo unaochukua saa tano nzima! Ningekuwa mwanaume, nani angehesabu?

Jibu ninalo, lina wiki tisa. Mama mkwe hajui. Mwaka juzi aliwahi kujua, akatangazia kanisa zima. Mimba ikatoka, nikapokea pole za kanisa zima. Safari hii hapana.

Kocha: "Sema uliharisha, Seon-yeong, yaishe." Yaishe! Nikamwambia sisemi uongo, na ukweli hauwahusu. Wanipekue. Wakapekua mpaka soli za viatu. Hawakuona kitu. Hakuna aliyesema samahani.

Alhamisi, 16 Mei, mchana
(Naandika nyuma ya ratiba. Daftari liko hotelini.)

Nusu fainali, na Tak Gyu-min – mwanaume, mwenzetu wa nchi moja, tulisoma baduk kwa mwalimu mmoja. Sharti jipya: nikienda msalani, mwanamke wa kamati ananifuata. "Utaratibu tu, dada, usikasirike," kaniambia Gyu-min.

Yeye ameenda mara tatu asubuhi hii. Peke yake. Mara ya mwisho alirudi na kahawa.

Mimi nilijizuia mpaka jasho likanitoka. Nikawahi kuweka jiwe ili niinuke tu – mawe yangu yote ya kona ile yakatekwa. Nilikuwa naongoza.

Sasa ni mapumziko, nimejifungia chooni. Nimetapika chakula chote. Huyu mama wa kamati alikuwa akigonga kila dakika: umemaliza? Kisha, kwa sauti ya chini, mdomo karibu na mlango:

"Mdogo wangu, ni wiki ya ngapi? Niwaambie wale wazee wakuache?"

Kengele ya kurudi ukumbini imelia. Anasubiri nimjibu.