Gorogoro ya Mama Kemunto

Jumatano jioni

Mbavu bado zinaniuma kwa kicheko. Mama Kemunto, jirani yangu sokoni Mosocho, amenidharau miezi mingi kwa sababu gorogoro yangu, mkebe wa kupimia maharagwe, haijabonyezwa kitako ili ipime kidogo. "Wokovu wako utakulaza njaa!" Iliniuma. Kuna siku hata mimi nilishika nyundo nikitaka kuibonyeza.

Leo amekuja na yake ameificha ndani ya leso.

"Mama Nyaboke, niazime nyundo. Nimechoka kupunja watu huku wewe ukiniangalia."

Na sijawahi kumhubiria. Nilimwombea tu.

Ameigonga kutoka ndani kwa nguvu mpaka kitako kimetokeza nje. Sasa yake inabeba maharagwe mengi kuliko yangu, na wateja wameshaona.

Mungu wangu, nilikuomba abadilike, sikusema anishinde!