Kibodi Isiyomwamsha Mwokaji

Dada yangu mpenzi,

Pokea salamu zangu za moyoni, wewe, shemeji na watoto. Natumaini afya zenu ni njema. Sisi huku tu wazima. Mume wangu bado ni mwokaji mikate wa zamu ya usiku, nami bado nachapa mashauri ya mahakamani yaliyorekodiwa. Nisamehe kwa kukaa kimya. Sikuwa na la maana la kukuambia zaidi ya kulalamika.

Unajua chumba chetu ni hicho hicho kimoja. Mchana yeye analala nyuma ya pazia, mimi nachapa mbele ya pazia, na kibodi yangu ilikuwa ikilia kama mvua juu ya bati. Hakunung'unika, maskini. Ila alianza kusinzia kazini, akaunguza mikate ya tanuri zima, na mwajiri akamwambia kosa jingine asirudi. Mimi nami vifundo vya mikono vikavimba. Nikaona mmoja wetu lazima aache kazi, na huyo ni mimi.

Kabla ya kukubali nikazunguka madukani. Muuzaji mmoja aliniapia kuwa kibodi yake ni bubu. Kumbe ni bubu wa dukani tu, ilipofika nyumbani ikapata ulimi. Nikairudisha kwa maneno makali, nikapewa nyingine ya vitufe vyepesi, imepinda kidogo katikati ili mikono ikae bila kujikunja. Hiyo niliipenda mara moja. Lakini siku hiyo hiyo pazia likafunguka, mume wangu akatoka na macho mekundu. Akakaa kando yangu, akanitazama nikichapa, kisha akasema taratibu, "Mke wangu, kibodi haina kosa. Unaipiga utadhani imekutukana."

Akanishika vidole, akanionyesha anavyogusa unga ulioumuka: unabonyeza, ukishakubali, unauachia.

Nilicheka mpaka machozi, Dada, maana nilijua mazoea hayo nimeyatoa wapi. Uliponifundisha taipureta tuliweka karatasi nne na kaboni katikati, ukaniambia nigonge mpaka ya nne isikie. Miaka yote hii kwenye kompyuta nimekuwa nikiigongea karatasi ya nne ambayo haipo! Mazoea yana tabu, lakini nimejizuia. Sasa mwenzangu anakoroma huku nachapa, uvimbe umepungua, na jana nilikamua shuka kwa mikono yangu mwenyewe. Nimeshusha pumzi, Dada. Hakuna anayeacha kazi.

Lakini siyo hilo tu lililonifanya nikuandikie. Asubuhi moja, uvimbe ulipokuwa mkali, vidole vyangu vilishindwa kufunga vifungo vya blauzi, nikakukumbuka wewe. Ulituambia umeacha kazi kwa kumchoka bosi, nasi tukakutania kwamba unapenda kulala. Kumbe ndiyo maana binti yako alikuwa akikufungia vifungo tangu wakati ule, na barua zako zote zina mwandiko wake. Hukumchoka bosi. Ilikuwa mikono, na uliumia peke yako ili mimi nisiogope kazi uliyonifundisha. Hilo limeniuma kuliko vifundo vyangu.

Kifurushi kinachokuja na barua hii ni kibodi kama yangu. Binti yako ataiunganisha na kompyuta yake. Sikuambii urudi kazini, iguse tu pole pole.

Nisalimie shemeji na watoto wote. Mume wangu angekusalimu, ila amelala, na simwamshi. Nangoja jibu lako, hata la mstari mmoja, lakini safari hii uliandike mwenyewe.

Akupendaye daima,
Kitinda mimba wenu