Hamira Iliyopata Jirani

Mama yangu, shikamoo. Machakos baridi! Nimekula muthokoi, mahindi yaliyokobolewa yakapikwa na maharagwe, nikaukumbuka wali wako wa nazi.

Hapa maabara tunakuza hamira, ndugu wa ile ya mahamri yako, ila hizi zina kasoro kwenye jeni. Aina mbili haziwezi kujitengenezea asidi amino moja. Kila moja imekwama kwenye hatua yake ya kuitengeneza. Kwenye sahani isiyo na asidi hiyo hazikutakiwa kuota. Lakini nilizipanda karibu mno, na asubuhi nikakuta moja imeota, upande ule tu unaomtazama mwenzake. Nikadhani nimekosea, nikataka kuitupa. Mwikali, ninayefanya naye kazi, akanishika mkono: "Wacha! Hiyo iko na jirani." Kumbe ile nyingine huvujisha kile isichoweza kukimalizia, na hii hukipokea ikamalizia.

Nikakuwaza wewe. Vidole vyako haviwezi tena kukuna nazi, na hutaki kuwa mzigo. Bi Zuhura wa nyumba ya nyuma bado anakuna, ila macho yake hayaoni chuya kwenye mchele. Mfungulie mlango wa uani, Mama. Nikija Idi, nataka nikute sufuria moja.

Mwanao,
Saumu