Mama Cresensia na Kisima cha Nanyokie

Mwaka mmoja umetimia leo, Mama, tangu ulipotutoka asubuhi ile hapa nyumbani Buger, mahindi yakiwa bado yamesimama shambani.

Tunakumbuka ulivyopukuchua mahindi huku ukiongea na kila aliyepita njiani, na hakuna aliyeondoka kwako bila kikombe cha uji. Kanisani ulikaa benchi la nyuma ili uwahi kutoka kwenda kuwaona wagonjwa. Ulipowakemea wajukuu kwa Kiiraqw walicheka, nawe ukashindwa kujizuia.

Ulikuja hapa kutoka Mbulu mwaka 1958, mke mpya wa miaka kumi na saba, pamoja na kaya sita za kwanza. Baba yetu Julius alileta plau, ng'ombe wawili na mbegu. Hayo tuliyasikia tangu utoto. Yaliyobaki uliyasema miezi minne tu kabla ya kututoka, kijiji kilipotaka historia yake iandikwe kwenye jiwe pale shuleni.

Mkutanoni wazee walisema, "Tulikuta pori tupu."

Ukanyanyuka na fimbo yako. "Si kweli. Tulimkuta Nanyokie."

Ukaeleza kwamba mwanamke huyo na watu wake walikuwa wafugaji. Walichimba kisima kwa mikono, na kila kiangazi walirudi hapo na ng'ombe wao. Uchungu ulipokushika, kaya zetu hazikuwa na mkunga. Nanyokie ndiye aliyempokea mtoto wako wa kwanza. Mtoto huyo ni mimi, Sylvesta, ninayeandika haya kwa niaba ya familia.

Kiangazi kilichofuata wanaume wetu walikizungushia kisima miiba. Nanyokie akaja na kibuyu, akakuita kwa jina. Wewe ulikuwa ndani ya uzio, umenibeba mgongoni.

"Sikumfungulia," ulisema mbele ya kijiji kizima. "Nilimwogopa mume wangu na shemeji zangu. Wakahama siku ileile na ndama wana kiu. Andikeni hivyo."

Watu wakapiga kelele. Walihofu kwamba maneno hayo yakiandikwa, kesho mtu atakuja kudai mashamba. Mwenyekiti akanigeukia.

"Sylvesta, mama yako anasema nini?"

Mama, nami nilifikiria ekari zangu nne za kule bondeni. Nikasema, "Mama amezeeka. Anachanganya mambo."

Ukakaa chini. Hukunigombeza siku ile wala baadaye. Chakula uliendelea kuniwekea. Lakini hukunisimulia tena jambo lolote la zamani, hata nilipokuuliza. Jiwe likaandikwa "pori tupu".

Siku ya maziko yako alifika mzee mmoja mwenye shuka jekundu, ambaye wengi wetu hatukumfahamu. Akasema anaitwa Parmuat, mwana wa Nanyokie, ametoka Ngorongoro. Ndipo dada yangu Germana alipolia na kutueleza kile ulichomwomba asiseme: baada ya mkutano ule mlipanda gari nyinyi wawili, mkawatafuta watu wa Nanyokie siku tatu. Mkakuta yeye mwenyewe ameshafariki. Ukamwomba msamaha mwanawe.

"Nilimwambia mama yenu aniache nifikiri," Parmuat alisema. "Leo nilikuwa nakuja kumjibu. Habari za msiba nimezipata stendi ya Karatu."

Nikamuuliza jibu lilikuwa lipi.

"Hilo lilikuwa lake," akasema. Akachukua udongo, akautia kaburini, akaketi nasi hadi mwisho.

Mwezi uliopita nilisimama mkutanoni nikasema wewe hukuchanganya jambo lolote, mimi ndiye niliyesema uongo. Jiwe halijabadilishwa. Majirani wawili hawanisalimii tena. Hatujui jambo hili litaishaje. Tunaliandika hapa, kwa kuwa hapa hakuna wa kutuzuia.

Tusamehe, Mama, kama unaweza kutusikia.

Misa ya kukuombea itakuwa Jumamosi saa nne asubuhi, kigangoni kwetu.

Unakumbukwa na wanao Sylvesta, Germana na Angela, wakwe zako, wajukuu kumi na wanane, vitukuu, majirani waliokuja kutupa pole, na Parmuat wa Nanyokie, ambaye tulimpigia simu kumuuliza kama tumweke humu, akasema, "Niwekeni."

Hatutakusahau, Mama, siku zote za maisha yetu.