Kumlisha Mamluki

Mjukuu wangu Zaitun,

Sisi huku Mutsamudu hatujambo. Mama yako mdogo amejifungua mtoto wa kike kule Ouani, na kwa kelele zake mtaa mzima haulali.

Umeniuliza kutoka chuoni Tanga: muuguzi afanye nini akimchukia mgonjwa wake? Nami niliwahi kujiuliza hivyo, nikiwa msichana mwenye cheti kipya, nafanya kazi Moroni, mji mkuu wetu, miaka ile mamluki, askari wa kukodiwa kutoka Ulaya, walipoishika nchi yetu. Mmoja wao aliletwa wodini na malaria kali. Chakula cha wagonjwa kililetwa na jamaa zao, naye jamaa hakuwa nao. Alikuwa amedhoofika hata kushika kikombe hawezi.

Kwenye kitanda cha pili alilala kijana aliyevunjwa mbavu na askari wa mamluki haohao. Mama yake, mwanamke wa Vouvouni, alikuwa akimlisha uji.

"Yule hana mama?" akaniuliza.

"Yuko Ulaya, mama."

"Basi uji wake utafika umepoa."

Wodi nzima ikacheka, na mimi nikacheka. Kisha akamimina uji uliobaki kwenye bakuli, akanipa.

"Mpelekee. Kupika nimeweza. Kumlisha siwezi, mwanangu, hiyo kazi yako."

Nikakaa karibu na yule mtu. Nilidhani hasira lazima initoke kwanza, ndipo niweze kuinua kijiko. Haikutoka. Nikamlisha nayo, polepole asipaliwe, mpaka bakuli likaisha.

Mungu akutunze huko uliko.

Bibi yako